Kisanduku Kikubwa cha Tarehe Mbili

Alhamisi, 3 Januari

Nimeamua. Mungu anisamehe kama ni dhambi, na kama si dhambi anisaidie.

Padre Wálter alitangaza kwenye Misa ya mwaka mpya kwamba kila mtaa utakuwa na msalishaji wake rasmi. Mmoja tu, atakayebarikiwa mbele ya watu. Majina atayasoma Jumapili tarehe kumi Februari, na atamchukua yule ambaye watu wenyewe wanamwita majumbani mwao. Moyo ulinidunda hadi nikadhani jirani yangu kwenye benchi anausikia.

Hapa mtaani kwetu Los Higuerones anayeitwa ni bibi mmoja, doña Zeneida. Miaka arobaini sasa. Mimi hukaa nyuma yake na kuitikia "utuombee". Miaka kumi na tisa ya utuombee! Sijawahi hata siku moja kuanzisha sala. Mimi ni wa kumalizia.

Na msimu ndio huu. Mamajusi wakishapita, kila nyumba inaita watu wasali rozari mbele ya pango lake la Noeli, inawalisha, halafu sanamu ya Mtoto Yesu inainuliwa kwenye majani na kufungiwa kabatini hadi Desemba. Ukiacha ya kwangu na ya doña Zeneida, nyumba ni ishirini na tatu. Zote lazima ziwe zimemaliza kabla jua la sikukuu ya mishumaa halijazama, tarehe mbili Februari. Doña Zeneida siku zote hizo anaziweka kichwani. Kichwa chenyewe kina miaka sabini na minne. Mwaka jana alizipa nyumba mbili jioni moja, na kwa Marielos wali wa kuku ukapoa watu wakitazamana.

Kwa hiyo: kalenda! Ya kompyuta, tupu, yenye visanduku vya kuandikia. Ile ya ukutani niliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi haifai, imejaa watakatifu na matangazo ya saruji, hakuna mahali pa kuweka hata nukta. Kila nyumba itapata kalenda yake, itaandika siku yake, na chini litasomeka jina langu. Basi watamwita nani mwingine?

Sijawahi kugusa kompyuta. Jikoni mwa shule ninakopika hakuna. Naogopa.

Ijumaa, 4 Januari

Nilikwenda kwa Hannia, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ana duka la madaftari na mashine ya kunakili. Nikamweleza siri yangu na kumwomba asimwambie mtu. Akaahidi upesi mno. Hofu ya kwanza ya siku.

Alinikalisha mbele ya mashine, akafungua ile programu ya kuandikia, akasema sasa tengeneza jedwali. Mashine ikauliza safu ngapi za kusimama. Saba, siku za wiki, hilo nilijua. Ikauliza mistari mingapi ya kulala. Nikahesabu siku kuanzia Jumatatu tarehe saba hadi sikukuu ya mishumaa: ishirini na saba. Nikaandika ishirini na saba.

Jedwali likateremka. Likapita ukurasa wa kwanza, likaingia wa pili. Nilidhani nimeiharibu mashine. Hannia akauliza kama nasalisha watu au nafundisha drafti.

Tukaanza upya. Mistari mitano: mmoja wa majina ya siku, minne ya wiki. Niliandika herufi za siku kwa Kihispania, L, K, M, J, V, S, D, kwa kidole kimoja. Nikaandika saba, nane, tisa. Nikafika kumi na tisa, umeme ukakatika. Hannia akaniuliza kama nilikuwa nahifadhi kazi. Nikamwambia nilikuwa nasali.

Yote yamepotea. Inawezekana ni ishara kutoka mbinguni. Kesho narudi kuhakikisha.

Jumamosi, 5 Januari

Si ishara. Leo umeme haukukatika hata mara moja.

Lakini niliteseka. Kila nikibonyeza kile kitufe kikubwa, kisanduku kinavimba, na mstari mzima unavimba nacho, na wiki ya mwisho inarukia ukurasa mwingine. Nikabonyeza cha kufutia, zikafutika namba na mipaka ikabaki. Nikabonyeza tena, ikafutika Jumatano yote. Jasho likanitoka kama siku za kuchemsha tamale, ule unga wa mahindi wa kufungwa kwenye majani ya mgomba. Hannia alikuwa anakata kucha.

Mwisho ilikaa sawa. Visanduku vidogo, safi, vimepangana kama madirisha ya nyumba ya watawa. Ila mstari wa mwisho ulinisumbua. Jumamosi ni tarehe mbili, na baada yake kisanduku cha Jumapili kinabaki bure, maana baada ya sikukuu ya mishumaa hakuna sala ya Mtoto tena. Kisanduku bure kinaita bahati mbaya. Hannia akanionyesha namna ya kuviunganisha viwili kuwa kimoja. Unavichagua, unabonyeza, ukuta wa katikati unatoweka! Niliogopa kidogo, halafu nikafurahi sana. Nikamwomba aweke humo picha ya Mtoto amelala kwenye majani, mashavu mekundu, ili kila mtu aone mwisho ni siku ipi.

Chini nikaandika: Msalishaji, Odilie Brenes. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za neno Mtoto juu. Nikashikwa na woga nikazipunguza namba moja.

Nakala ishirini na tatu. Hannia amekubali malipo ya tamale.

Jumatatu, 7 Januari

Nimegawa zote, na bado ni mzima.

Nilianzia chini, mbali na nyumba ya doña Zeneida. Kila mlango naita "Upe!", ndiyo hodi yetu, natoa karatasi, naeleza: chagueni siku, andikeni jina la nyumba, kwa wino tafadhali ili lisifutike, nami nitapita kukusanya siku zenu tarehe ishirini na tatu, mwenye siku ya mapema aniite tu. Marielos aliibusu ile picha palepale. Mama mkwe wake aliuliza kama imebarikiwa. Nikasema bado kidogo.

Don Tobías Quirós alipokea karatasi kwa mikono miwili. Mkewe Adilia tulimzika Agosti. Pango lake lipo, amelitengeneza mwenyewe, ng'ombe mkubwa kuliko malaika. Aliitazama kalenda muda mrefu halafu akasema ni nzuri. Nikaondoka haraka, mimi si hodari wa kukaa na wafiwa.

Kwenye genge la mboga nikakutana na doña Zeneida uso kwa uso. Nakala sita nilikuwa nimezificha ndani ya blauzi. Akanisalimu. Nikainama kumbusu shavu, karatasi zikalia. Akanitazama kwa yale macho yake ambayo hayapepesi. "Odilie," akasema, "unachakacha kama tamale."

Nikasema ni baridi. Mchana wa saa sita, jua la Januari. Akasema nijifunike basi, akaenda zake na vitunguu vyake.

Nimesali majuto mara tatu. Nia yangu ni utaratibu tu. Utaratibu na heshima ya Mtoto.

Jumamosi, 12 Januari

Kimya. Wiki nzima hakuna rozari hata moja.

Mwanzoni niliogopa. Halafu nikapita mtaani nikachungulia milangoni: kalenda yangu iko ukutani kila nyumba! Kwa Marielos wameiwekea fremu. Basi watu wanasubiri siku waliyochagua. Ndio utaratibu huo.

Na doña Zeneida hajaitwa popote. Nimemwona barazani mwake akimenya maharage, miguu juu ya kigoda. Jioni ya Jumamosi, mwezi wa Januari, yeye yupo nyumbani! Nilijihisi mshindi, halafu nikajihisi mwizi, halafu nikaenda kulala.

Jumatano, 23 Januari

Ee Mama wa Malaika, nishike.

Nilitoka kukusanya, daftari mkononi, nimevaa sketi ya Pasaka. Nyumba ya kwanza: tarehe mbili Februari. Safi. Nyumba ya pili: tarehe mbili Februari. Nikasema itabidi hawa wawili wapatane. Nyumba ya tatu. Ya nne. Ya tano, mwandiko mzuri, ua pembeni: tarehe mbili Februari. Kufika ya tisa nilikalia kizingiti, wakanipa maji ya sukari guru.

Nyumba ishirini na mbili zimechagua siku moja. Ya ishirini na tatu, ya don Tobías, haikuandika kitu.

Nilimuuliza Marielos, kwa upole niliobaki nao, kwa nini tarehe mbili. Akanishangaa mimi. Visanduku vingine, akasema, ni vidogo, jina la Villalobos Zamora halienei. Na hiki ni kikubwa, na Mtoto yumo ndani. "Wewe mwenyewe ndiye uliyemlaza pale," akasema. "Tukajua ndiyo siku yenyewe."

Nikamwomba ahame, hata aende tarehe ishirini na nane. Hawezi. Amealika ndugu wa Heredia, nguruwe ana siku yake. Nikapita kwa wengine. Hawawezi. Na wote wananijibu kitu kimoja: niliwaambia waandike kwa wino.

Rozari moja na litania na nyimbo ni saa nzima, bila kula. Nyumba ishirini na mbili kwa siku moja! Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alituambia tangu wadogo: nyumba ambayo Mtoto wake analala kwenye majani baada ya mishumaa, Desemba ijayo watu wake hawatimii. Yeye alizijua kwa majina nyumba zilizopungukiwa. Nimeketi jikoni nawahesabu watu wa mtaa wangu. Watoto wanne wa Marielos. Mama mkwe wake mwenye pumu. Nimewaweka wote hatarini kwa kitufe cha kuunganisha visanduku.

Ijumaa, 25 Januari

Nina dawa. Kosa lilikuwa moja: picha ilikuwa kwenye kisanduku kimoja. Basi nikaiweka kwenye vyote. Kila siku ina Mtoto wake, hakuna siku inayoringa.

Hannia alichapa nakala, akaiinua dirishani, akasema hii sasa si kalenda, ni albamu ya stika. Nikampuuza.

Nimegawa kalenda mpya leo. Wamefurahi sana. Wameibandika pembeni mwa ile ya kwanza. Hakuna aliyebadili siku, kwa sababu Watoto wameenea kisanduku chote na pa kuandika hapapo.

Jumatatu, 28 Januari

Nimekwenda kuungama. Nilimwambia Padre Wálter yote: tamaa ya nafasi ya mwenzangu, karatasi ndani ya blauzi, uongo wa baridi, ishirini na mbili kwa siku moja. Kupitia wavu nilimsikia akikohoa muda mrefu. Malipizi yangu hayakuwa sala. Aliniambia niende kwa doña Zeneida nikamweleze.

Nilimwomba anipe rozari hamsini badala yake. Akakataa.

Alhamisi, 31 Januari

Siku tatu nimepita mbele ya lango lake bila kuingia. Jumanne mbwa wake alinizoea akaacha kubweka. Leo niliingia.

Doña Zeneida alikuwa anakunja majani ya mgomba. Alinisogezea rundo nikaanza kukunja nami. Nikamweleza huku nikitazama majani. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: na Tobías je? Nikasema hakuandika. Akachukua jani jingine.

Nilisubiri anifukuze. Badala yake akahesabu kwa vidole vyake vilivyokunjamana. Rozari moja ina Salamu Maria hamsini. Nyumba ishirini na mbili, kila moja mbili, ni arobaini na nne. Akasema Jumamosi saa saba mchana tunaanzia chini ya mtaa na kupanda, rozari moja, kila nyumba ipate Salamu zake mbili na Mtoto wake ainuliwe, twende mbele. Atakayenuna anune.

Nikasema zinabaki sita. Akasema anajua zinabaki sita.

Jumamosi, 2 Februari

Miguu yangu iko kwenye beseni. Naandika kabla sijasahau, ingawa kusahau kungenifaa.

Tulianza saa saba kamili. Doña Zeneida mbele na fimbo, mimi nyuma yake, watu nyuma yangu. Nyumba ya kwanza, Salamu mbili, Mtoto akainuliwa, tukaambiwa hakuna kutoka bila kula. Hilo halikuwa kwenye hesabu! Tamale nyumba ya kwanza, tamale ya pili, wali wa kuku ya tatu, ya nne pombe ya mayai na biskuti. Kukataa ni tusi. Kufika ya kumi nilikuwa naitikia mdomo umejaa.

Halafu manung'uniko. Baba Yetu ni tano tu, kwa hiyo nyumba tano zilipata na kumi na saba hazikupata. Kwa Marielos ilikuwa Salamu mbili tupu, mbele ya ndugu wote wa Heredia na nguruwe mzima. Marielos alinishika mkono akauliza kwa sauti ya chini jirani yake ana nini hata apate Baba Yetu. Nikasema ni namba tu. Akasema namba zangu amekwisha kuziona.

Na jua likishuka. Nilikuwa nalitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Nyumba ya kumi na tano lilikuwa juu ya paa la kanisa. Ya ishirini lilikuwa limegusa kilima. Nilimwomba doña Zeneida aharakishe. Hakuharakisha. Hakuacha hata amina moja.

Ya ishirini na mbili, Mtoto akainuliwa. Watu wakapumua. Nikataka kukaa chini palepale. Doña Zeneida akageuka akaanza kupanda njia ya don Tobías.

Alikuwa kwenye kiti mbele ya pango lake, amevaa shati jeupe, kalenda yangu magotini. Hakujua kama tungekuja. Nilimuuliza kwa nini hakuandika. "Siku alikuwa anaijua Adilia," akasema. "Mimi nilikuwa naambiwa tu ni leo."

Doña Zeneida akamwambia ni leo.

Akaweka fimbo yake chini, akapiga magoti, na kwa magoti yale nilisikia mifupa ikilia. Salamu sita, Baba Yetu moja ya kufungia, litania nzima, na jina la Adilia. Don Tobías akamwinua Mtoto mwenyewe, akampangusa majani mgongoni kwa kidole gumba. Nje bado kulikuwa na mwanga, kidogo, wa rangi ya chungwa. Tumewahi. Niliitikia "utuombee" na kwa mara ya kwanza sikuhesabu ni ya ngapi.

Njiani kushuka doña Zeneida aliniegemea mkono. Tulikuwa wawili tu. Nilijua sasa ndipo ninapigwa. Akasema polepole, bila kunitazama:

"Odilie, nafasi yangu unaitaka?"

Nilikaza macho kwenye fimbo yake.

"Niombe, mwanangu. Maneno mawili tu. Magoti haya yamechoka tangu mwaka juzi, nilikuwa namsubiri mtu wa kuniomba. Jumanne saa tisa njoo unywe kahawa, uniombe, na mimi nitamwambia Padre ni wewe."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nimeyasoma mara nne.

Jumapili, 3 Februari

Nimeyasoma tena. Kuna nini nyuma yake? Mtu hagawi miaka arobaini kwa kikombe cha kahawa. Na kama nikimwomba akacheka? Na kama Hannia yuko nyuma ya pazia? Na tuseme anasema kweli: watu watasema nilipewa. Watasema Odilie alikwenda kuombaomba.

Hapana. Namuogopa hata anaponipenda, na zaidi anaponipenda.

Jumanne, 5 Februari

Nimepata njia bora, isiyohitaji kumwomba mtu yeyote chochote.

Barua ya mtaa! Nyumba zote ishirini na tatu zitatia sahihi kwamba zinanitaka mimi, nami nitampelekea Padre kabla ya Jumapili, na doña Zeneida nakala yake, aone mwenyewe kwamba nastahili. Akishaona hivyo sitahitaji kwenda kwake na kusema maneno yale mawili. Hannia anasema mashine inaweza kuandika jina la kila nyumba juu ya barua yake, yenyewe, bila mimi kugusa. Nilimuuliza kama ina hatari yoyote. Akasema hatari gani, akaenda kutafuta kiti cha kukaa karibu.

Saa tisa ilinikuta nabonyeza. Saa tisa na robo Hannia akaniambia kwamba doña Zeneida yuko ng'ambo ya barabara na fimbo yake, amebeba kitu kwenye kitambaa, kinatoa mvuke, na anauliza watu kama wameniona.

Nilijitupa nyuma ya mashine ya kunakili. Aliingia. Harufu ya mkate wa mahindi ilijaa duka zima. Akamuuliza Hannia kama nimepita, maana kahawa inapoa. Hannia, na kwa hili nitamlipa tamale mwaka mzima, akasema hajaniona tangu asubuhi. Doña Zeneida akasimama kidogo. Akasema basi, atajaribu kwangu nyumbani. Fimbo ikatoka, gongo, gongo, hadi ikapotea.

Mungu ni mwema. Hakuniona.